Itakufikisha: juu ya fundi, muhuri na huruma

Pale Nangurukuru, hatua chache kutoka njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, kuna gereji isiyo na bango. Ni mkorosho mkubwa, turubai la bluu lililofungwa kwenye matawi, jeki mbili, sanduku la spana na benchi la wateja ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha Haisi. Fundi mwenye gereji hiyo ametengeneza gari langu kwa miaka tisa. Hajawahi kunipa risiti, na mimi sijawahi kumwomba. Tukikutana tunaulizana kwanza habari za watoto, halafu habari za gari.

Mwaka juzi nilikuwa Dar es Salaam kwa shughuli zangu, na jamaa mmoja akanishauri nipeleke gari likakaguliwe kwa wakala wa kampuni. "Mwalimu, gari lako ni Noah ya zamani, unapanda nalo barabara ya kusini kila likizo, hebu wapelekee wenyewe walitazame mara moja." Nikaenda. Nilikaribishwa sebule yenye kiyoyozi, nikapewa maji ya kunywa, na nyuma ya kioo nikawaona vijana wenye ovaroli safi wakilinyanyua gari langu juu kama mtoto anayepimwa uzito kliniki. Baada ya saa mbili nikapewa karatasi yenye muhuri. Mambo kumi na moja. Pedi za breki zimekwisha. Mafuta ya breki yamevuta unyevu, yabadilishwe. Mkanda wa taimingi haujulikani ulibadilishwa lini. Bushi. Shokapu. Namba saba: tairodi ya kushoto imeanza kulegea. Na kuendelea. Chini kabisa, jumla. Jumla ile ilizidi mishahara yangu miwili.

Nikashukuru, nikalipa ya ukaguzi tu, nikarudi kusini na karatasi yangu. Fundi wangu aliisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kisha akacheka. "Hawa wanataka wakuuzie gari jipya kipande kipande." Akasema pedi tubadilishe leo. Mkanda wa taimingi pia, kwa sababu mkanda wa mpira haukuonyeshi dalili. Unakatika siku unayotaka kuwahi. Mafuta ya breki akaahidi kuyamwaga mwezi ujao. Hayo mengine, akasema, yangoje.

"Na hii ya namba saba?"

Akatazama pembeni kidogo. "Hii itakufikisha."

Neno hili, itakufikisha, nadhani kila mwenye gari la mtumba kwenye pwani yetu analijua. Ni neno tamu. Ni neno ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

*

Swali ambalo watu huuliza ni jepesi: gari ulipeleke kwa wakala au kwa fundi wa mtaani? Majibu yake tumeshayazoea. Wakala ana mashine, ana spea orijino, ana dhamana ya maandishi. Fundi wa mtaani ni nafuu, yuko karibu, anakujua. Ila nyuma ya swali hilo kuna jingine zito zaidi: nimwamini nani juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe siwezi kuliona? Hilo si swali la magari peke yake. Tunamuuliza hivyo hivyo daktari, mwanasheria, na hata mwalimu wa watoto wetu.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala iliyokuja kumsaidia kupata tuzo ya Nobel mwaka 2001, na mfano wake mkuu ulikuwa soko la magari yaliyotumika. Kwa lugha ya mtaani kule kwao gari bovu huitwa limau. Hoja yake kwa ufupi ni hii: muuzaji anajua gari ni limau au si limau, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hatoi bei ya gari zima. Anatoa bei ya kati, bei ya mashaka. Mwenye gari zima akiona bei hiyo analirudisha nyumbani. Sokoni yanabaki malimau. Yaani kutojua kwa upande mmoja kunaweza kufukuza uaminifu wote, hata kama waaminifu wapo wengi.

Dawa ambazo watu wamezibuni kwa ugonjwa huu ni muhuri, dhamana, leseni na jina kubwa la kampuni. Wakala anauza hayo kabla hajauza oili. Jina lake ni rehani: akikudanganya, mabango yake yote ya barabarani yanageuka kumsuta. Na kwa upande wa serikali tunazo dawa za namna hiyo hiyo. Magari ya umma yana TEMESA. Askari wa usalama barabarani wana stika yao ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo. VETA inawapima mafundi waliojifunzia kazi mtaani na kuwapa cheti cha ujuzi walio nao tayari. Zote ni njia za kumwambia mtu asiyejua: hapa kuna mtu mwingine aliyetazama kwa niaba yako.

Dawa ya fundi wangu ni nyingine. Rehani yake ni uso wake. Mke wake na mke wangu wanakutana sokoni Kivinje. Akinifanyia hila, habari itafika kabla gari halijafika Somanga. Kwenye mji mdogo hii ni dhamana kubwa kuliko karatasi yoyote.

*

Lakini tusiwe wepesi wa kumsifu maskini kwa kuwa ni maskini. Yule aliyeandika mambo kumi na moja hakunidanganya. Nilikuja kugundua baadaye kwamba wakala na fundi wangu walikuwa wanajibu maswali mawili tofauti. Wakala alijibu: ni nini kwenye gari hili hakiko tena kama kilivyotoka kiwandani? Fundi alijibu: ni nini kitakachokulaza njiani safari hii? Swali la kwanza halijui barabara yako wala mfuko wako. La pili linajua vyote viwili. Na ndiyo maana majibu yakapishana bila mtu kusema uongo.

Kuna pia suala la nani anafaidika na kasoro ikionekana. Ujerumani, shirika linalokagua magari, TÜV kwa mfano, halitengenezi. Mkaguzi hana spea ya kukuuzia. Uingereza ukaguzi wa kila mwaka wa MOT ulianza mwaka 1960, na magereji ya kawaida yanaruhusiwa kuufanya na kutengeneza pia. Lakini kuna vituo vya halmashauri vinavyokagua tu, na wapo wenye magari wanaovipenda kwa sababu hiyo: mtu asiyekuuzia dawa hana haja ya kukuongezea ugonjwa. Japani, ambako magari yetu mengi yametoka, gari jipya la binafsi linakaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na gharama yake ni moja ya sababu za wenyeji kuachana na magari ambayo sisi huku tunayapokea kwa shangwe. Kwa hiyo hata Noah yangu, kwa namna fulani, ni mtoto wa karatasi ya ukaguzi ambayo mtu mmoja wa mbali hakutaka kuilipia.

Wapenzi wa vitabu mtakumbuka Robert Pirsig na kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Zen na utunzaji wa pikipiki. Msimulizi anapeleka pikipiki yake gereji. Vijana wamefungulia redio kwa sauti ya juu, wanacheka, wanapiga nyundo, na wanaiharibu zaidi. Mwishoni anagundua mwenyewe kwamba tatizo lilikuwa pini moja ndogo ya bei ya senti tu. Kinachomsumbua si ujuzi mdogo wa wale vijana. Wangeweza kuiona ile pini. Kinachomsumbua ni kwamba walikuwa kama watazamaji kwenye kazi yao wenyewe. Hawakujali.

Niliposoma kitabu hicho kwa mara ya kwanza nilimfikiria fundi wangu, nikajiona mwenye bahati. Huyu anajali. Hazimi redio kwa sababu hana redio. Anasikiliza injini kama mkunga anavyosikiliza tumbo. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kule Somanga na magari yakapanga foleni pande zote mbili, yeye alikwenda na sanduku lake la spana kuwahudumia waliokwama, wengine kwa kukopesha. Hakuna dhamana ya wakala iliyoweza kuvuka maji yale.

Nilikuwa sijajua bado kwamba kujali nako kuna hatari yake.

*

Miezi sita baada ya itakufikisha, nilikuwa nampeleka mama Dar kwa matibabu ya macho. Tulitoka Kivinje alfajiri, tukapita Nangurukuru fundi akiwa bado hajafungua. Mama alikuwa kiti cha mbele, khanga imefunika magoti, anahesabu tasbihi. Kabla ya Somanga kuna mahali barabara inashuka kidogo. Nikapunguza mwendo kwa ajili ya mbuzi, na nilipokata usukani kurudi upande wangu, gurudumu la kushoto halikunitii. Usukani uligeuka mkononi mwangu kama mfuniko wa sufuria. Gari likaacha lami, likaingia kwenye majani, likasimama hatua tatu kutoka kwenye karavati.

Hatukuumia. Naandika sentensi hii haraka kwa sababu sipendi kukaa nayo. Tungekuwa kwenye mwendo wetu wa kawaida, au kungekuwa na Fuso upande wa pili, makala haya yangeandikwa na mtu mwingine, au yasingeandikwa kabisa.

Nilishuka, nikachungulia chini. Tairodi ya kushoto ilikuwa imechomoka. Kwa msomaji asiyejua: ni ule mkono unaounganisha usukani na gurudumu, na mwisho wake una gololi inayocheza ndani ya kikombe. Gololi ikilika, kikombe kinapwaya. Kuijua si kazi ya mashine. Unanyanyua gari kwa jeki, unashika gurudumu kushoto na kulia, unalitikisa. Likigonga, tairodi imechoka. Mtoto wa darasa la saba anaweza kufundishwa.

Nikampigia fundi. Alikuja kwa bodaboda, sanduku mapajani, spea mpya kwenye mfuko wa rambo. Hakusema neno. Alimsalimia mama, "Shikamoo mama," akalala chini ya gari. Alipomaliza alikataa hela. Ndipo nikamuuliza.

"Fundi, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwepo. "Mwalimu, siku ile ulikuja hapa unalia ada ya mtoto. Pedi tu nilikuona unahesabu noti mara mbili. Ningekwambia na hii, ungefanya nini? Nikasema itavumilia mpaka Desemba. Nilitaka nikupunguzie mzigo."

Sikuwa na jibu. Jibu alilitoa mama, amekaa chini ya mti, bila hasira hata kidogo. "Mwanangu, siku nyingine mwambie. Kama hana hela, tutabaki nyumbani."

*

Nimesoma baadhi ya wanafalsafa juu ya kuaminiana, na sijaona aliyelisema jambo hili kwa uwazi kama mama. Lakini yupo mmoja aliyenisaidia kuelewa kwa nini niliumia. Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986, anatenganisha kutegemea na kuamini. Anatoa mfano wa Kant, ambaye majirani zake walikuwa wakirekebisha saa kwa kumwona akipita kwenye matembezi yake. Walimtegemea, lakini siku asingepita wasingeweza kusema amewasaliti. Saa ikikosea inakuvunja moyo tu. Anayeweza kukusaliti ni yule uliyemkabidhi kitu unachokithamini ukiamini kwamba anakutakia mema.

Wakala nilimtegemea kama saa. Fundi nilimwamini. Na kitu cha ajabu ni kwamba yeye hakuacha kunitakia mema hata dakika moja. Alinisaliti, kama neno hilo linafaa, kwa wema wenyewe. Alinionea huruma, na huruma yake ikachukua uamuzi uliokuwa wangu. Akanichagulia kusafiri, wakati mama yangu angeweza kuchagua kubaki. Tunadhani mtu asiye na hela hana la kuchagua, kwa hiyo tunamficha habari mbaya ili asiumie bure. Lakini asiye na hela anaweza kuahirisha safari. Anaweza kupanda basi. Anaweza kukopa. Anaweza kwenda kilomita arobaini kwa saa na kumuomba Mungu. Hayo yote ni maamuzi, na yote yanahitaji kwanza kuambiwa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

Pwani yetu hii imewahi kulipa bei kubwa kwa swali la namna hii. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa kusini hii hii, aliliandika kwenye tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, kuhusu vita vya Maji Maji vilivyoanza kwenye vilima vya Matumbi mwaka 1905. Kinjeketile wa tamthilia anawapa watu maji ya kuwaunganisha. Watu wanayapokea kama kinga ya risasi, na neno linamkua kumzidi mwenyewe. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa atangaze kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anafikiria vizazi vijavyo vitaambiwa nini juu ya mapambano yao. Nimewafundisha wanafunzi wangu tamthilia hii kwa miaka mingi, na kila mwaka darasa linagawanyika: je, alikuwa na haki ya kuwaachia watu imani inayowapa nguvu kwa kuwaficha ukweli unaowavunja? Zamani nilikuwa upande wake bila kusita. Siku hizi nasita. Naona kwamba kufikiria watoto wa kesho ni jambo moja, na kumwacha mtu aliye mbele yako aende kwenye risasi akiamini ni maji ni jambo jingine. Neno linalokufariji leo huenda ndilo linalokushusha barabarani kesho.

*

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa kwa kusema: basi, nendeni kwa wakala, yeye hana huruma na hiyo ndiyo faida yake. Kiukweli kuna kitu katika hoja hiyo. Mgeni asiyejua ada ya mtoto wako hawezi kukuficha tairodi kwa ajili yake. Ubaridi wa karatasi ile ulikuwa namna ya heshima: ilinichukulia kama mtu mzima.

Lakini kumbukeni kwamba wakala aliniambia. Namba saba, kwa maandishi, na muhuri. Na sikusikia. Sikusikia kwa sababu kitu cha kuniua kilipangwa mstari mmoja na shokapu inayopiga kelele, na vyote kumi na moja vilisemwa kwa sauti ile ile. Ukweli usiopangwa kwa uzito unamwacha msikilizaji pale pale alipokuwa, akitafuta rafiki wa kumtafsiria. Mimi nilikwenda kwa rafiki, na rafiki akatafsiri kwa moyo.

Na mimi je? Nimejitetea vya kutosha. Miaka tisa nimemfundisha fundi wangu kunificha. Kila aliponitajia kitu cha bei nilikunja uso. Kila alipoleta habari mbaya nilianza kubembeleza, nikalipa nusu, nusu nyingine ikangoja mwisho wa mwezi usiofika. Alipotamka itakufikisha, nilifurahi, nikampa mkono kwa nguvu kuliko siku zote. Mtu anayelipwa tabasamu kwa habari njema na mkunjo kwa habari mbaya atajifunza, hata bila kujua, habari za kuleta. Nilitaka fundi mkweli, lakini sikuwa mteja wa kuambiwa ukweli.

Kwa hiyo tumepatana upya. Kuna daftari la shule kwenye sanduku lake la spana, lina mistari mitatu: la leo, la mwezi huu, la kungoja. Ananiambia yote, hata akijua sina hata mia. Kazi yake ni kuona na kusema kipi kizito kuliko kipi. Kuchagua ni kwangu, na aibu ya kukosa hela ni yangu pia, nitaibeba mwenyewe. Huruma yake aiweke kwenye bei, au kwenye mkopo. Kwenye ukweli asiiweke. Na mara moja kwa mwaka, nikiwa Dar, nalipia ukaguzi kwa wakala nikiwaambia mapema kwamba sitatengenezea pale, kisha karatasi naileta Nangurukuru.

Mara ya kwanza nilipoileta niliogopa ataumia. Aliishika karatasi, akatazama muhuri, kisha akanitazama mimi.

"Sasa unanipima, mwalimu."

"Nakupima," nikasema.

Akatikisa kichwa, akachukua jeki, akanyanyua upande wa kushoto. Akaniita nichuchumae karibu yake, akaniwekea mikono yangu miwili juu ya gurudumu, kushoto na kulia.

"Tikisa," akasema. "Unasikia kitu?"